Granola ya staa wa Insta ilivyogeuka uji, mama muuza kashata akaokoa jahazi

Kama upo Dar na simu yako ina bando, lile bakuli umeshakutana nalo. Mtindi mweupe chini, ndizi zimepangwa kama sarafu, embe kidogo pembeni, halafu juu kabisa inamwagwa granola yenye rangi ya kahawia inayong'aa. Anayekula anahakikisha simu inasogea karibu na mdomo ili watu wasikie mlio: kra, kra, kra. Mlio ndio kila kitu hapo. Granola isiyolia mdomoni ni uji uliokosa maji tu.

Kwa ambaye bado hajaielewa, granola ni oti bapa, zile zile za kwenye pakiti ambazo watu wanapikia uji. Zinachanganywa na karanga au korosho, mbegu, kitu kitamu na mafuta kidogo, halafu zinaokwa mpaka zikauke na kushikana vipande vipande. Basi, hamna uchawi. Mwanzo wake ni Marekani. Mwaka 1863 daktari mmoja wa Dansville, New York, aitwaye James Caleb Jackson, alikuwa anawalisha wagonjwa wake vipande vya unga wa ngano nzima vilivyookwa mara mbili. Vilikuwa vigumu balaa, ilibidi vilowekwe kwenye maziwa usiku kucha ndio viliwe. Akaviita Granula. Baadaye daktari mwingine, John Harvey Kellogg wa Battle Creek, Michigan, akatengeneza vya kwake na kuvipa jina lile lile. Jackson akamjia juu kisheria, Kellogg akabadilisha herufi moja tu, ikawa Granola. Yaani hata huko ilikotoka, hiki chakula kilianza na ugomvi wa jina.

Sasa njoo Bongo. Kuna mdada mmoja wa hapa hapa mjini, jina kapuni. Aliwahi kuonekana kwenye video mbili tatu za Bongo Fleva, wafuasi wakamiminika, akapata madili ya kutangaza mawigi na mafuta ya ngozi. Si unajua mji ulivyo, leo wewe kesho mwenzio. Wakaja wadada wengine wapya, simu za madili zikakata, ila kodi ya chumba na sebule Sinza haikukata. Picha za bata ziliendelea kupostiwa, nyingi ni za mwaka juzi.

Ndipo akaona granola. Kopo dogo la kutoka nje linauzwa supamaketi kwa bei ya kununulia mboga ya siku tatu, na watu wananunua. Akapiga hesabu: oti zipo, korosho zinatoka Mtwara na Lindi, mafuta ya alizeti yamejaa madukani, asali ya Tabora inauzwa mpaka kwenye vibanda. Kwa nini asitengeneze mwenyewe? Akachukua mkopo wa kikoba, laki nne. Akanunua oveni ndogo ya umeme na makopo ya plastiki, na akachapisha lebo zenye sura yake akicheka. Chini ya sura akaandika kwa herufi kubwa: HAINA SUKARI. Kwa sababu alikuwa anatumia asali.

Mzigo wa kwanza ulikuwa mtamu, tusidanganyane. Mashosti walikula, wakaposti, wakasifia. Kitu ambacho hakuna aliyekigundua ni kwamba ule mzigo uliliwa ndani ya siku mbili. Haukupata muda wa kuharibika.

Halafu ikaja oda ya maana. Mama mmoja wa Masaki alikuwa anaandaa kicheni pati ya mwanawe, akataka makopo 40 ya kuwapa wageni kama zawadi, elfu kumi kila moja. Laki nne taslimu, sawasawa na deni la kikoba. Mdada hakulala siku mbili. Trei inatoka, trei inaingia, granola inachotwa ikiwa bado na moto, inajazwa kwenye kopo, kifuniko kinabanwa, lebo inabandikwa. Alfajiri bodaboda akaja akabeba boksi zote. Mdada akaposti picha ya boksi na maneno matatu: Mungu ni mwema.

Siku ya nne ikaingia sauti WhatsApp. Mama wa Masaki hakupiga kelele, ndio maana iliuma zaidi. "Dada, wageni wangu wamefungua makopo. Hii sio granola. Hii ni ugali wa oti. Naomba hela yangu yote." Jioni yake mmoja wa wageni akaposti kijiko kikiwa kimesimama wima ndani ya kopo, sura ya mdada ikicheka pembeni kwenye lebo. Ile picha ilitembea. Watu wakajaa chini yake kumkumbusha kwamba hata kuigiza kwenye video hakuwa anaweza.

Laki nne ilikuwa imeshaingia kwenye malighafi na kodi, na Jumamosi ya kikoba ilikuwa inakuja. Mdada akazima simu, akapanda daladala la Mbagala kwenda kukopa kwa mama yake.

Hapa lazima usimame kidogo, maana bila hiki stori haieleweki. Mama yake anauza kashata stendi ya Rangi Tatu. Kashata za karanga na za nazi, kwenye beseni lenye kifuniko, miaka zaidi ya ishirini sasa. Hizo kashata ndizo zilizolipa ada, sare na nauli. Ila kwenye ukurasa wa mdada, mama huyo hajawahi kuonekana hata kidole. Wafuasi wakiuliza, jibu lilikuwa "mama ni mfanyabiashara," na hapo sio uongo. Kuna kitu cha zamani zaidi pia. Alipokuwa kidato cha pili, mama alikuwa anauza nje ya geti la shule. Siku moja binti akamwambia asikae pale tena, wenzake wanamcheka. Kesho yake mama akahamishia beseni stendi. Hawakuwahi kulizungumza tena.

Basi akafika. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, maji ya kunywa, kimya. Akaeleza shida ya hela. Mama hakuuliza maswali mengi, aliingia ndani akatoka na fundo la khanga, akahesabu elfu themanini za noti ndogo ndogo. Ndizo zilizokuwepo. Halafu akasema, "Hicho kitu chenyewe umekuja nacho?"

Mdada alikuwa na kopo moja kwenye begi. Mama akafungua, akanusa, akabonyeza kwa kidole, akatia punje chache mdomoni akatafuna taratibu. Akacheka kidogo.

"Mwanangu, hii ni kashata iliyokosa subira."

Mdada akajitetea, eti hii ni granola, inaokwa kwenye oveni, sio mambo ya kashata. Mama akamuuliza: kuna karanga? Zipo. Kuna kitamu cha kushikisha? Kipo. Inatakiwa ilie ukitafuna? Ndio. "Sasa tofauti ni nini, lebo?" Akaanza kupuliza jiko la mkaa.

Makosa yalikuwa manne, na mdau kama na wewe granola yako inakulainikia, nenda nayo moja moja, maana karibu kila anayetengeneza nyumbani anaanguka kwenye mojawapo.

La kwanza, moto. Mdada alikuwa anaweka oveni juu ili amalize haraka. Nje inaungua, ndani oti bado ina maji. Granola sio kitu cha kuivisha, ni kitu cha kukausha. Unataka moto wa wastani, kama nyuzi 150 hivi, dakika 35 mpaka 40.

La pili, asali. Hapa wengi watakataa, lakini ndio ukweli. Asali ina tabia ya kuvuta maji kutoka hewani, na hewa ya Dar unaijua mwenyewe, chumvi yenyewe inalowa mezani. Ukiifanya asali iwe gundi pekee, unaweza kupata mlio siku ya kwanza, ila ukifungua kopo mara mbili tatu mambo yamebadilika. Sukari iliyochemshwa ikawa nzito inakaa kavu muda mrefu zaidi. Ndio maana kashata hainatani na vidole vya abiria pale stendi.

La tatu ndilo kubwa. Mlio hautokei kwenye oveni. Granola ikitoka jikoni inakuwa laini, na hapo ndipo watu wanapata wasiwasi, wanairudisha mpaka inaungua, au wanaikorogakoroga. Sukari ikiwa ya moto ni kimiminika. Ikipoa ndio inagandamana na kuwa ngumu kama kioo, na ndio inashika oti na karanga pamoja. Ukiigusa kabla, unavunja vile vipande kabla havijazaliwa. Ukiifunga kwenye kopo ikiwa na joto, mvuke unakosa pa kutokea, unageuka maji juu ya kifuniko, yanadondokea humo humo. Yale makopo 40 yalikuwa yameshaharibika kabla bodaboda hajawasha pikipiki.

La nne, zabibu kavu. Mdada alikuwa anaziweka pamoja na vingine. Ndani ya oveni zinakuwa ngumu na chungu. Zinawekwa mwishoni granola ikishapoa kabisa, na ziwe kavu kweli kweli, maana zikiwa na unyevu zitaugawa kopo zima. Kama ni ya kuuza, bora ziwe kwenye kifuko chake pembeni.

Mama hana oveni. Alichofanya ni kile anachofanya akioka keki za Idi: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, sinia dogo la bati juu ya vijiwe vitatu, mfuniko wa bati wenye makaa machache, na makaa machache chini. Machache, alisisitiza. Akaanza kwa kuyeyusha sukari na maji kidogo. Mdada akataka kutia asali, mama akamruhusu kijiko kimoja tu, cha harufu, na kumbe hicho kijiko kina kazi nyingine: kinazuia sukari isirudi kuwa chenga chenga. Matone ya limao yanafanya kazi hiyo hiyo.

Vipimo vyenyewe, kwa wewe unayetaka kujaribu wikiendi hii, ni hivi:

Oti bapa vikombe 3. Karanga au korosho zilizokatwakatwa kikombe 1. Nazi kavu iliyokunwa nusu kikombe. Ufuta robo kikombe. Mafuta ya alizeti robo kikombe. Sukari theluthi moja ya kikombe, maji vijiko vikubwa 3, asali kijiko kikubwa 1. Chumvi nusu kijiko cha chai. Mdalasini kijiko cha chai 1, na iliki ukipenda. Ukitaka mabonge makubwa, ute wa yai moja uliopigwa mpaka utoe povu.

Chemsha sukari, maji na asali mpaka sukari yote iyeyuke na mchanganyiko uanze kuwa mzito. Usingoje ubadilike rangi. Ipua, tia mafuta na chumvi. Mimina juu ya oti, karanga, ufuta na viungo, koroga mpaka kila punje ing'ae, kisha changanya ute wa yai ukishapoa kidogo. Tandaza kwenye trei iliyopakwa mafuta, unene usizidi kidole, halafu bonyeza kwa mgongo wa kijiko ikae kama mkeka. Oka. Dakika ya 20 igeuze kwa upole mara moja, tia nazi hapo maana inaungua haraka, bonyeza tena. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa na nyumba nzima inanukia, toa.

Kama huna oveni wala mchanga, kikaango kizito kinatosha. Kaanga oti kavu kwa moto mdogo dakika 6 au 7 huku unakoroga, tia karanga na ufuta, halafu mchanganyiko wa sukari, endelea kukoroga mpaka zianze kukauka na kushikana. Kwenye kikaango usitie yai. Mwaga kwenye sinia, bonyeza.

Halafu weka chini na uondoke. Saa nzima. Mkono usipite pale.

Na hiyo saa nzima ndiyo iliyokuwa ngumu kwa mdada. Simu imezimwa, sinia lipo mezani, hamna cha kukoroga wala cha kuposti. Wawili wamekaa barazani, mama anachambua karanga za kesho. Dakika kama ishirini zikapita hivyo, ndipo binti akasema, bila kumwangalia, "Mama, ile siku ya getini."

Mama aliendelea kuchambua. "Getini jua lilikuwa kali. Stendi kuna kivuli."

Akatupa karanga mbovu pembeni, akaongeza: "Ila nilijua."

Ndio hayo tu. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekumbatiana, ila binti alivuta kigoda, akachukua sehemu ya ungo, akaanza kuchambua na yeye.

Sinia lilipopoa, mama akaligonga kwa kifundo cha kidole. Likajibu kama mlango. Akavunja kipande, akampa. Kra. Mdada aliyekula granola za kutoka nje kwa miaka miwili alikaa kimya akitafuna, kisha akauliza kama wanaweza kutengeneza nyingine usiku ule ule.

Wiki ile alitengeneza makopo 40 upya, ya bure. Elfu themanini za mama zilinunua oti na karanga, maana korosho hazikutosheka. Safari hii kila trei ilipoa usiku kucha chini ya kitambaa kisafi, asubuhi ndio inafungwa, kwenye kopo kavu lisilo na tone la maji, na karatasi ya nailoni chini ya kifuniko. Alimwandikia mama wa Masaki akamwomba apokee badala ya hela. Yule mama akapokea, akajibu "asante," na hajaagiza tena mpaka leo. Kikoba alilipa kwa kuchelewa, na faini juu. Hayo ndiyo maisha, sio kila kitu kinamalizika kwa makofi.

Kilichobaki ni lebo. Mama aliishika, akaisoma kwa sauti: haina sukari. Akauliza, "Na hii tuliyochemsha ni nini?" Mdada akaanza kueleza kwamba watu wa mazoezi hawapendi kuona neno sukari, na zamani alikuwa anatumia asali, kwa hiyo haikuwa uongo sana. Mama ana dada yake mwenye kisukari, amemsindikiza kliniki mara nyingi. Akasema, "Sukari ni sukari, mwanangu, iwe ya nyuki iwe ya dukani. Mgonjwa akiamini lebo yako, utamwambia nini?"

Hilo lilimgharimu kuliko hata makopo. Lebo zilizobaki, karibu mia mbili, akazitupa. Mpya zimeandikwa vitu vyote vilivyomo, sukari ikiwemo, na kipimo cha kula: viganja viwili vinatosha, sio bakuli zima. Alipoposti lebo mpya, baadhi ya wateja wa mazoezi waliondoka, wakasema bora wanunue ya nje. Ukigeuza kopo nyingi za nje ukasoma nyuma, sukari imo vile vile, ila hilo hakuwajibu. Sura yake kwenye lebo nayo imetoka. Pameandikwa tu: Ya Mama na Binti, Mbagala.

Wafuasi waliuliza sana hiyo Mbagala imetoka wapi, wakati wao walijua ni mtoto wa Mikocheni. Akarekodi video ya mama akimimina sukari. Mama alikubali kwa sharti moja: mikono waione, uso hapana. "Wateja wangu wa stendi wakiniona kwenye simu watasema nimepandisha bei." Kwa hiyo kwenye video ni mikono tu, yenye alama mbili za kuungua karibu na kiganja, na sauti ya mtu anasema usiguse, usiguse, acha ipoe.

Video ile haikuvuma kama zile za zamani. Oda zinakuja kumi, kumi na mbili kwa wiki, na nyingi ni za watu wanaorudi. Jumamosi mdada yupo Mbagala tangu alfajiri, wanatengeneza pamoja, oveni ya umeme ikiwa imehamishiwa huko.

Mama naye hakuacha kitu kipotee. Ukivunja granola kuna chenga zinabaki chini ya trei, ambazo mdada alikuwa anazimwaga. Mama anazifunga kwenye vifuko vidogo, anaviweka kwenye beseni kando ya kashata, mia tano kimoja. Makonda wa Rangi Tatu hawaziiti granola. Wanaziita kashata ya kumwaga, na ikifika saa nne asubuhi zimeshaisha.